Mwendo wa Mtoto: Utangulizi wa Taaluma ya Makuzi ya Awali

"Mwanangu ana miezi kumi na hajatambaa. Ana shida gani?" Swali hili huulizwa kila siku kwenye mabenchi ya kliniki, na mara nyingi hujibiwa na mama aliyeketi pembeni kabla muuguzi hajafungua mdomo. Mmoja atasema wa kwake alitambaa na miezi saba. Mwingine atasema wa dada yake hakutambaa hata siku moja. Aliinuka tu akashika ukuta, akatembea. Wote wawili wanasema kweli. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto 816 wenye afya nzuri katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likachapisha matokeo mwaka 2006. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza popote kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu. Kutembea bila kushikwa kulianza kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu, au zaidi kidogo. Na katika kila watoto 100, wanne hivi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo mama yule wa miezi kumi na atulie, amweke mtoto mkekani achezecheze. Angekuwa na mtoto wa miezi 18 asiyesimama, ningemwambia aende kumwona daktari wiki hiyohiyo.

Karibu katika taaluma inayojibu maswali ya namna hii. Inamchunguza binadamu tangu yai linaporutubishwa hadi miaka ya mwanzo ya shule, na inatumia elimu ya tiba, saikolojia, isimu, lishe na anthropolojia bila kuomba radhi kwa yeyote. Nawaandikia wanaoingia kwa mara ya kwanza: mwalimu wa chekechea, mkunga, mwanafunzi wa ustawi wa jamii, na mzazi anayetaka kuelewa anachokiona nyumbani kwake. Jambo moja ningependa mlishike tangu mwanzo. Mpangilio wa makuzi unafanana kwa watoto walio wengi, lakini mwendo hutofautiana, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutengenezwa na mikono ya watu wanaomzunguka mtoto. Ushahidi mwingi wa jambo hili, kama mtakavyoona, ulikusanywa hapahapa Afrika Mashariki.

Tuanze anapoanzia mtoto mwenyewe. Yai hukutana na mbegu ya baba likiwa bado kwenye mrija wa uzazi, kabla ya kufika kwenye mfuko. Kila upande huleta kromosomu 23. Yai huleta X daima. Mbegu ndiyo inayoleta X au Y, na hapo ndipo jinsia inapoamuliwa. Hili nalisema mapema kwa sababu wanawake wametukanwa, na wengine kuachwa, kwa kosa la kuzaa wasichana watupu, ilhali mwili wa mama hauna Y ya kumpa mtoto. Seli hiyo moja hugawanyika tena na tena ikiteremka, na baada ya wiki moja hivi kikundi cha seli hujipachika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Hadi mwisho wa wiki ya 8 huitwa kiinitete. Baada ya hapo huitwa kijusi, kwa kuwa viungo vyote vikuu vimeshapata umbo lake la mwanzo na kazi kubwa inayobaki ni kukua na kukomaa.

Katika wiki hizo nane, wiki ya nne ndiyo inayonifanya nisimame kila ninapoifundisha. Moyo huanza kupiga kwenye siku ya 22 hivi. Wakati huohuo bamba jembamba la seli mgongoni mwa kiinitete hujikunja, kingo zake zikakutana na kuwa mrija; sehemu ya juu itakuwa ubongo, ya chini itakuwa uti wa mgongo. Kazi hii hukamilika kwenye siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku ya 28, mama mwenyewe ana wiki mbili tu tangu hedhi ilipochelewa, na huenda bado anadhani ni uchovu wa safari. Mrija usipofungika upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa nacho hujaa maji na kuwa kikubwa.

Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, hupunguza sana hatari hii, lakini lazima iwemo mwilini kabla ya mimba kutungwa. Mama anayeanza kliniki mwezi wa nne hupata faida nyingi na anastahili pongezi kwa kuja, ila kwa mrija ule amechelewa miezi mitatu. Ndiyo maana Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2011, iliwataka wazalishaji wa unga wa ngano na mahindi waongeze virutubishi viwandani, ili kinga imfikie hata mwanamke ambaye hajapanga kuzaa. Unga wa ngano unatoka viwandani, kwa hiyo huko kazi ni nyepesi. Sembe na dona za vijijini husagwa kwenye mashine ya jirani, gunia kwa gunia, na huko kirutubishi kilichoongezwa hakifiki. Mkishaelewa siku ya 28, mtaelewa kwa nini mashine ya kusaga ni suala la makuzi ya mtoto.

Tumboni mtoto hajifungii. Miezi mitatu ya mwisho anasikia, na anachosikia anakikumbuka. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wasiozidi siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Wakinyonya kwa mwendo fulani walisikia mama yao akisoma hadithi. Wakibadili mwendo, walimsikia mwanamke mwingine akisoma hadithi ileile. Wale wachanga walijirekebisha ili wampate mama. Kwa hiyo mwanamke anayezungumza na tumbo lake jioni hazungumzi peke yake.

Mtoto akishazaliwa, huja na miitikio aliyozaliwa nayo. Ukimgusa shavu hugeukia upande huo akitafuta ziwa. Ukiweka kidole kiganjani hukikamata. Kichwa kikilegea ghafla hutupa mikono nje kisha huikunja kifuani. Mkunga huipima miitikio hii kwa sababu ikikosekana inaashiria tatizo la neva. Mmojawapo nataka tuutazame kwa karibu, kwa kuwa unafundisha namna taaluma yetu inavyofikiri. Mshike mtoto wa wiki mbili kwapani, nyayo ziguse meza, naye atapiga hatua, mguu huu na mguu ule. Akifika miezi miwili hatua hizo hupotea, kisha hurudi karibu na mwaka mmoja anapojiandaa kutembea. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba ubongo unaokomaa ndio unaouzima mwitikio huo. Esther Thelen wa Marekani aliangalia miguu badala ya ubongo. Aliona kwamba katika miezi ile ya kwanza mtoto hunenepa mapaja haraka kuliko misuli inavyopata nguvu. Mwaka 1984 yeye na wenzake waliwatumbukiza watoto ndani ya maji hadi kifuani, na maji yalipobeba uzito wa miguu, hatua ziliongezeka. Wakawafunga wengine vizito vidogo miguuni, hatua zikapungua. Hatua hazikuwa zimezimwa. Miguu ilikuwa mizito. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtafiti makini kusema mtoto "amekomaa" bila kueleza ni kitu gani hasa kilichobadilika.

Ubongo nao una hesabu zake. Anapozaliwa, uzito wake ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Mwaka wa pili ukiisha umefika robo tatu hivi. Katika kipindi hicho seli za neva huunganishwa kwa wingi kupita mahitaji, kisha miunganiko inayotumika huimarishwa na isiyotumika hupunguzwa. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwamba paka mchanga akifungwa jicho moja katika wiki fulani za mwanzo, jicho hilo halioni vizuri hata likifunguliwa, japo lenyewe ni zima. Ubongo umeshagawa nafasi yake kwa jicho lingine.

Tokeo hilo la maabara lina maana ya haraka sana kwetu. Wako watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho. Katikati ya mboni unaona weupe, na wakati mwingine weupe huo huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga. Wazazi huambiwa na majirani wasubiri mtoto akue ndipo afanyiwe upasuaji. Ushauri huo umewagharimu watoto macho yao. Kinachosubiriwa kinapita, kwani ubongo unahitaji picha safi katika miezi ya mwanzo ili ujifunze kuona. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi hufanya upasuaji huu kwa watoto wadogo. Ukiona weupe ndani ya mboni, siku ya kwenda ni kesho asubuhi.

Si kila uwezo una kipindi kikali namna hiyo, na hapa wageni wengi wa taaluma hii huvuka mpaka. Husikia habari za kipindi nyeti, kisha hutangaza kwamba mtoto ambaye hakufundishwa kusoma kabla ya miaka mitatu amekosa maisha. Hapana. Kuona kuna kipindi kikali. Kusikia sauti za lugha nako kwa kiasi. Kusoma, hesabu na ufundi hujifunzwa hata ukubwani.

Sasa twende Kampala. Miaka ya 1950 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wachanga huko akaona wanakaza shingo na kukaa mapema kuliko watoto wa Ulaya. Wengine waliharakisha kusema kwamba ni suala la damu, kwamba Mwafrika huzaliwa ametangulia kisha huachwa nyuma. Jibu zuri lilitoka Kenya. Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis wa Kokwet, nyanda za juu za magharibi, katika miaka ya 1970. Super aliona kwamba watoto wa pale walikaa na kutembea mapema, takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwa na utangulizi huo. Kama ni damu, kwa nini damu ichague?

Aliwaangalia mama. Walikuwa wakimfundisha mtoto kukaa kwa makusudi, wakimchimbia kishimo ardhini kinachomshika kiuno au wakimkingia nguo pande zote. Walimfundisha kusimama na kutembea kwa kumshika mikono. Kutambaa hawakukufundisha. Alipolinganisha na jamii nyingine za Kenya, kule ambako mama wengi walisema wanawafundisha watoto kutambaa, watoto walitambaa mapema. Nawaomba wasomaji wangu waupende utafiti huu. Haukuwahitaji mama wa Kokwet wawe wa ajabu wala wawe nyuma. Ulichofanya ni kuwauliza wanafanya nini kila siku, ukaamini kwamba wanachofanya kina matokeo.

Kampala ilitupa jambo jingine kubwa zaidi. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika huko, mumewe akiwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alikuwa ametoka London, alikofanya kazi na John Bowlby juu ya watoto waliotenganishwa na mama zao. Alikusudia kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi wakati wa kumwachisha ziwa, akakuta kwamba familia nyingi haziifuati tena. Basi akabaki na kilichokuwepo: kuketi. Aliwatembelea watoto 28 wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa miezi tisa hivi, akiwa na mkalimani na daftari. Aliandika nani analia mama akitoka chumbani, nani anatambaa kumfuata, nani anaondoka magotini mwa mama kwenda kuchezea kitu kisha anageuka kutazama kama mama bado yupo.

Watoto 16 aliwaona wametulia katika pendo la mama, 7 walikuwa na wasiwasi na kulialia, na 5 walikuwa hawajaonyesha kumshika mtu yeyote kama kimbilio lao. Tofauti ilitoka wapi? Wengi wangetaja idadi ya walezi, lakini mtoto aliyelelewa na mama, shangazi na bibi hakuwa na wasiwasi zaidi kwa sababu hiyo. Kiasi cha maziwa pia hakikueleza. Kilichojitokeza ni kwamba watoto waliotulia walikuwa na mama walioweza kumweleza Ainsworth habari za mtoto kwa undani: analalaje, anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi. Mama aliyekuwa akimtazama mtoto wake alikuwa na mengi ya kusema. Kati ya matokeo yote ya taaluma hii, hili ndilo ninalowarudishia wazazi mara nyingi kuliko lingine, kwa sababu halihitaji fedha wala vidoli vya dukani.

Ainsworth alipohamia Baltimore, Marekani, aliona kwamba watoto wa huko wamezoea mama kuingia na kutoka vyumbani, hata hawajali. Ili aone tena kile alichokiona vijijini, ilimbidi abuni chumba cha majaribio ambamo mama hutoka kwa dakika chache na mtu mgeni huingia. Kipimo hicho kimetumiwa duniani kote, na wanafunzi hukisoma kana kwamba kilizaliwa Marekani. Mbegu yake ilikuwa kwenye sakafu za nyumba za Waganda, na kitabu alichokiandika juu ya safari ile kilitoka mwaka 1967.

Lugha itachukua nafasi kubwa katika masomo yenu, kwa hiyo hapa nitaigusa tu. Katika nusu ya kwanza ya mwaka mtoto hutofautisha sauti za lugha asizozisikia nyumbani. Kuelekea mwaka mmoja, sikio lake hujifunga kwenye sauti za nyumbani. Maneno ya kwanza huja karibu na mwaka, na kati ya miezi 18 na 24 huanza kuunganisha mawili. Anayekua na Kiswahili ana kazi ya pekee, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba mtu, wakati na jambo lenyewe kwa pamoja. Kamil Ud Deen alirekodi watoto wadogo Nairobi na kuona kwamba mwanzoni huacha viambishi vya mbele. Mtoto husema "taka maji" wakati mama yake anasema "nataka maji", lakini mwisho wa neno huwa mzima. Mwalimu asiyejua hili atamsahihisha mtoto wa miaka miwili bure.

Nimeiacha lishe hadi sasa makusudi, kwa sababu hapo ndipo elimu ya kliniki hugongana na maneno ya mtaani. Maeneo mengi ya Tanzania, mtoto anayenyonya akidhoofika, miguu ikakosa nguvu, husemwa amebemendwa: wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mmoja ametoka nje ya ndoa. Waliobuni maelezo haya walikuwa na macho. Waliona kwamba mimba mpya ikiingia mapema, mtoto aliyepo hudhoofu. Hilo ni kweli: huachishwa ziwa ghafla, hupewa uji mwepesi usio na maharage, dagaa wala mafuta, na nguvu za mama hugawanyika. Ila chanzo kikishatajwa kuwa ni dhambi, mama huona haya, humficha mtoto ndani, na hospitali humpokea akiwa amevimba miguu. Ukikutana na neno hilo kazini, usilicheke. Muulize mama mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, na nani anamlisha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, walikuwa zaidi ya nusu. Gunia la mahindi stoo halimwambii mtu mtoto wa mwaka mmoja amekula nini leo, na mama aliye shambani tangu alfajiri hana namna ya kumlisha mara nne au tano. Dirisha la kuzuia hali hii ni siku 1000, tangu mimba hadi miaka miwili.

Je, aliyekwisha kudumaa ameshindwa? Huko Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa nyongeza ya maziwa. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, akimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vidoli vilivyotengenezwa kwa makopo na vitu vilivyotupwa. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Baada ya miaka 20, waliochezewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wale ambao hawakutembelewa. Saa moja kwa wiki, na makopo. Tanzania ilipozindua programu yake ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto mwishoni mwa 2021, iliweka malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali bega kwa bega na afya, lishe na ulinzi. Utafiti kama huu wa Jamaika ndio unaotetea uamuzi wa namna hiyo mbele ya wagawaji wa bajeti.

Bado kazi ni nyingi, na kubwa kati yake inawasubiri ninyi. Sehemu kubwa ya yanayosemwa juu ya watoto imepatikana kwa watoto wa Ulaya na Marekani, wanaolala chumba chao na kulelewa na mtu mmoja au wawili. Thomas Weisner aliandika miaka ya 1970 kuhusu ndugu wanaolea ndugu zao, akitumia aliyoyaona magharibi mwa Kenya, lakini bado tunajua kidogo mno juu ya msichana wa miaka minane anayembeba mdogo wake kwa mbeleko mchana kutwa: mtoto wa mgongoni anamshika nani kama kimbilio lake, na msichana mwenyewe anakuaje? Mtoto wa Bukavu anayesikia Mashi kwa bibi, Kiswahili mtaani na Kifaransa shuleni, anazipangaje lugha hizo kabla hajafika miaka mitano? Maswali haya yanaanza kujibiwa kwa idhini ya wazazi, daftari, na miezi kadhaa ya kuketi mkekani ukitazama na kuandika.